Watu 495,358 Walipotelea Wapi?

Mpenzi msomaji, kabla hujakimbilia kurasa za mashairi na vitendawili, hebu tulia nami kidogo. Chukua kalamu. Sensa ya mwaka wa 1989 ilipata watu 1,402,002 Machakos. Sensa ya mwaka wa 1999 ikapata watu 906,644, Machakos hiyo hiyo. Toa. Utabaki na watu 495,358. Karibu nusu milioni, tena kwa miaka kumi tu! Je, walikufa? Kulikuwa na vita? Au walifunga virago usiku wa manane wakatuachia milima na ng'ombe?

Hakuna aliyefunga virago. Mwaka wa 1992 wilaya ya Machakos ilimegwa, na kipande cha kusini kikawa wilaya ya Makueni. Basi. Watu walibaki kwao, mpaka ndio uliohama. Hesabu ya Machakos ya 1999 ukiijumlisha na ile ya Makueni ya mwaka huo, yaani 771,545, unapata watu 1,678,189. Kumbe watu hawakupungua hata kidogo. Waliongezeka kwa 276,187. Maelezo hayo yote yanatoshea katika mstari mmoja wa herufi ndogo chini ya jedwali. Mstari huo ndio huitwa tanbihi, na ndio uliotutoa jasho mwaka huu katika Chama cha Kiswahili.

Nieleze. Mwenzetu wa kidato cha nne aliandika makala kuhusu watu na ardhi hapa Kalama, nayo imo humu humu jaridani. Mimi nikapewa kazi ya kuipanga kwenye kompyuta pamoja na majedwali mengine ya jarida kwa sababu, ati, nina subira. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Ilikuwa ya wiki mbili na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo haikwenda kwa maneno wala kwa takwimu. Ilikwenda kwa viherufi vidogo kuliko chawa.

Hili hapa ndilo jedwali lenyewe, jinsi lilivyotoka mwishoni:

Mwaka wa sensa | Machakos | Makueni
1969 | 707,214ᵃ | –ᵃ
1979 | 1,022,522ᵃ | –ᵃ
1989 | 1,402,002ᵃ | –ᵃ
1999 | 906,644 | 771,545
2009 | 1,098,584 | 884,527
2019 | 1,421,932ᵇ | 987,653ᵇ

a. Makueni ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos hadi 1992, na watu wake wamehesabiwa humo.
b. Ni pamoja na watu huntha: 34 Machakos na 20 Makueni.

Tazama vizuri. Tanbihi ni mbili tu, lakini alama zimewekwa mara nane. Herufi a imerudiwa mara sita, b mara mbili. Hapo ndipo penye kazi. Tanbihi moja kwa neno moja haimsumbui mtu, hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuiweka. Tanbihi moja inayoitwa na visanduku sita ndiyo inayokesha na wewe.

Rasimu ya kwanza ilipigwa chapa katika ofisi moja ya huduma za kompyuta mjini Machakos, kwa sababu wakati huo kompyuta yetu ya shule ilikuwa mgonjwa. Dada aliyetupigia chapa alifanya kama mashine inavyotaka. Kila alipofika penye alama aliiagiza programu iweke tanbihi, na programu, kwa utiifu wake, ikahesabu: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8. Kisha ikayamwaga maelezo chini ya ukurasa. Sentensi ile ile kuhusu Makueni ikaandikwa mara sita, moja chini ya nyingine, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa aandike "sitapiga kelele darasani". Nusu ya ukurasa ikaliwa. Nasi kurasa zetu zina bei, kila karatasi inayoongezeka inatoka kwenye mchango wa wanachama.

Lakini ubaya mkubwa zaidi haukuwa nafasi. Msomaji akiona namba sita tofauti anaamini kuna mambo sita tofauti ya kujua. Anasoma ya kwanza, anasoma ya pili, anagundua ni yale yale, basi anaacha. Hafiki ya saba. Na ya saba ndiyo iliyowabeba wale watu 34, ambao nitawafikia.

Pili, namba juu ya namba ni mtego. Ile 1,402,002 ilikuwa na kijitano kilichopandishwa juu ya mwisho wake. Kwa mwalimu wa Hisabati hicho ni kipeo cha tano, yaani uiandike namba hiyo mara tano na kuzizidisha zote pamoja. Kwa mashine ya fotokopi iliyochoka ni mbaya zaidi. Nakala ilipotoka, kile kijitano kilikuwa kimeshuka kikakaa sawasawa na wenzake, na katibu wetu akasoma kwa sauti mbele ya kikao: "Milioni kumi na nne, elfu ishirini na ishirini na tano." Tulicheka hadi machozi. Sensa ya 2019 ilipata watu 4,397,073 katika Nairobi nzima, sembuse Machakos ya 1989!

Ndiyo sababu katika majedwali ya takwimu wapangaji wa vitabu hutumia herufi ndogo, a, b, c, wala si tarakimu. Herufi haiwezi kujifanya sehemu ya hesabu. Kuna wanaopenda kinyota, na kama tanbihi ni moja tu kinyota hakina ubaya. Zikizidi, desturi ya wachapishaji wa Kiingereza ni kufuatisha kinyota kwa alama yenye umbo la kisu, kisha kisu chenye vikono viwili. Nilijaribu. Kwa ukubwa wa herufi za jarida letu, visu vile vilionekana kama uchafu wa wino. Nikarudi kwenye a na b.

Mzee mmoja jirani yetu aliyewahi kuwa karani alinieleza jinsi walivyofanya enzi za taipureta. Unazungusha roli nusu ya mstari, unapiga alama, unarudisha. Maelezo ya chini ulikuwa unayaandika mwenyewe mara moja, kwa sababu nani angejitesa kupiga sentensi moja mara sita? Tatizo letu wao hawakulijua. Mashine yao haikuwa na akili ya kuhesabu, kwa hiyo haikuwahesabia vibaya.

Sasa niwasimulie jambo lililonifanya nisikate tamaa. Jarida lilikuwa limechelewa, na katika kikao kimoja likatolewa pendekezo kwamba tanbihi zote ziondolewe. Wasomaji hawasomi herufi ndogo, ikasemwa. Hoja yenyewe haikuwa ya kijinga, maana hata mimi vitabuni huziruka. Jedwali likachapishwa kwa majaribio likiwa uchi, bila a wala b, likabandikwa ukutani katika chumba cha chama.

Siku ya pili yake mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliingia kuleta shairi lake. Akasimama mbele ya jedwali muda mrefu. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Hawa wote waliuawa na ukimwi?"

Chumba kizima kikanyamaza. Mtoto hakukosea kufikiri. Amefundishwa kwamba miaka ya tisini ukimwi ulikuwa unafagia Kenya, hata mwaka wa 1999 Rais Moi akautangaza kuwa janga la kitaifa. Akaona hesabu inayoporomoka kati ya 1989 na 1999. Akaunganisha. Mahali tulipoacha pengo yeye aliliziba kwa hadithi aliyokuwa nayo, na hadithi hiyo ilikuwa ya makaburi laki tano. Angeirudisha nyumbani. Angeiandika katika mtihani. Nani angemlaumu? Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, nasi hapo tende tuliiona ikianza.

Na si huko kuporomoka tu. Tazama tena mwaka wa 1989 na 2019 katika safu ya Machakos: 1,402,002 na 1,421,932. Tofauti ni watu 19,930. Bila tanbihi mtu atasema Machakos imelala, miaka 30 nzima imeongeza watu wasiojaza hata uwanja mmoja mkubwa. Ukijumlisha Makueni ndipo unapata watu 2,409,585. Sisi tunaogawana mashamba ya babu zetu hadi yamekuwa kama viraka tunajua ni hesabu ipi inayofanana na tunayoyaona.

Hoja ya kuondoa tanbihi ikafa hapo. Mwalimu mlezi wa chama hakusema neno, alichukua tu karatasi ile ukutani akaikunja.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kumwona nyanya mzaa mama, ambaye sisi humwita Susu. Anaishi upande wa Mbooni. Mnajua kwamba ukishika barabara ya Wote kutoka Kola hukawii kuingia Makueni, na wengi wetu hapa Kalama tuna jamaa ng'ambo hiyo. Nilikuwa na rasimu mfukoni. Nikamwuliza kama alihesabiwa mwaka wa 1989.

"Nilihesabiwa, hapa hapa."

"Na mwaka wa 1999, Susu?"

"Hapa hapa. Kwani ningekwenda wapi?"

Nikamweleza kwamba mara ya kwanza aliandikwa Machakos na mara ya pili Makueni, na kwamba katika jedwali lililokosa maelezo yeye ni mmoja wa watu waliopotea. Alicheka mpaka leso ikamteleza kichwani. Kisha akasema, akiwa hacheki tena, "Mwambie huyo mwandishi mimi sijahama. Mwembe wangu uko pale pale."

Mwandishi mwenyewe ndiye mimi, lakini sikumwambia.

Tukirudi kazini. Tulipokubaliana kwamba tanbihi zitabaki, ukazuka ubishi wa pili: alama ikae wapi? Katibu alitaka ikae kwenye mwaka, yaani 1969ᵃ, 1979ᵃ, 1989ᵃ. Hivyo a zingekuwa tatu badala ya sita, na ukurasa ungekuwa safi. Nakiri ni wazo zuri. Ziko kanuni zinazofanana nalo: kama maelezo yanahusu safu nzima, alama huwekwa mara moja kwenye kichwa cha safu. Kama yanahusu jedwali lote, hayahitaji alama hata moja, unaandika tu "Kumbuka" chini yake na kueleza. Kupunguza marudio kabla ya kuanza kuyapanga ni nusu ya kazi.

Hata hivyo mimi nilipinga, na bado napinga. Kwanza 1969ᵃ inafanana na jinsi vitabu vinavyotofautisha maandiko mawili ya mwandishi mmoja ya mwaka mmoja. Pili, jicho la msomaji haliendi kwenye mwaka. Linaenda kwenye namba kubwa. Yule mtoto wa kidato cha kwanza alikuwa anatazama 1,402,002 ikishuka hadi 906,644. Alama inapaswa kumshika pale pale anapotazama. Namba ndiyo inayodanganya, basi namba ndiyo ivae kengele.

Na vile vistari vya Makueni? Wengine walisema kistari kinajieleza. Hakijielezi. Kistari kinaweza kumaanisha hapakuwa na watu, au watu hawakuhesabiwa, au karatasi zilipotea, au mpigaji chapa alichoka. Hapa kinamaanisha jambo la tano kabisa: watu walikuwapo, wamehesabiwa, na wamo katika kisanduku cha jirani. Kwa hiyo vistari vitatu vikapata a zao, jumla sita.

Mpangilio wa herufi pia una desturi yake. Unatembea kama unavyosoma: kutoka kushoto kwenda kulia katika mstari wa kwanza, kisha mstari wa pili, hadi chini. Tanbihi inayokutana na msomaji kwanza ndiyo a. Hushuki na safu moja mpaka mwisho ndipo urudi juu kuanza ya pili. Ukifanya hivyo msomaji atakutana na c kabla ya b na kudhani kuna kitu kimeibiwa.

Sasa wale watu 34. Sensa ya Agosti 2019 ilikuwa ya kwanza nchini Kenya kuwahesabu watu huntha, yaani wale waliozaliwa na maumbile ambayo si ya kiume tu wala ya kike tu. Nchi nzima walipatikana 1,524. Katika makala ya mwenzetu kuna jedwali la pili lenye safu ya wanaume na safu ya wanawake. Machakos wanaume ni 710,707, wanawake ni 711,191. Jumlisha: 1,421,898. Jumla iliyochapishwa ni 1,421,932. Tofauti ni 34. Msomaji makini asiye na tanbihi atafanya nini? Atasema tumekosea kujumlisha. Na msahihishaji mwenye haraka atafanya jambo baya zaidi, "atarekebisha" jumla ili ikubali, na kwa kalamu moja nyekundu watu 34 wamefutwa Machakos.

Ilitubidi kuchagua: tuwape safu yao au tuwaweke katika tanbihi? Safu yao ingekuwa haki zaidi, na kitabu cha sensa yenyewe kimewapa safu katika jedwali la kaunti. Lakini ukurasa wetu ni mwembamba, safu ya nne ingelazimisha herufi ndogo zisizosomeka. Tukaamua tanbihi b, yenye idadi kamili ya kila kaunti, na alama ikawekwa katika kila jumla inayowahusu. Mimi bado sijaridhika. Watu 34 ni wachache kuliko darasa letu, lakini darasa letu likiwekwa kwenye herufi ndogo tungenung'unika. Angalau hawakufutwa.

Kwa wale wanaotaka kujua jinsi ya kuifanya mashine ikubali, nitasema kwa kifupi. Katika Microsoft Word, usiagize tanbihi mpya kila mara. Weka moja, kisha kwingine kote tumia amri ya marejeleo mtambuko, uchague tanbihi ile ile. Alama yake itajirudia bila maelezo kurudiwa. Angalieni lakini: ukiongeza tanbihi nyingine mbele yake, ile ya asili hubadilika yenyewe, na zile nakala hubaki na alama ya zamani mpaka uchague maandishi yote na kubonyeza F9. Watu wengi hawalijui hili, nao hupeleka kazi kiwandani nakala zikiwa zimeelekeza kwa tanbihi ya jirani. LibreOffice, ambayo haina malipo, nayo ina njia kama hiyo.

Hata hivyo njia hiyo ina kasoro kwa jedwali. Programu huitupa tanbihi chini ya ukurasa, mbali na jedwali, na kuichanganya na tanbihi za maandishi ya kawaida. Jedwali nalo lina miguu. Mtu atalipiga picha kwa simu, atalikata na kulituma kwa kikundi cha WhatsApp, na maelezo yatabaki nyuma ukurasani. Kwa hiyo mimi niliachana na amri hizo. Niliandika a na b kwa mkono, nikazipandisha juu, na maelezo nikayaweka katika mstari wa mwisho wa jedwali lenyewe, visanduku vyake vikiwa vimeunganishwa. Jedwali likienda, tanbihi inaenda nalo. Gharama yake ni kwamba hakuna mashine itakayokuhesabia. Lazima uhesabu mwenyewe.

Mwalimu wetu wa Hisabati alipotuona tunahangaika alitusimulia kuhusu TeX. Mwaka wa 1977 profesa mmoja wa Marekani, Donald Knuth, aliletewa kurasa za majaribio za kitabu chake, akaona zimechapwa vibaya mno hata akaacha kazi nyingine ili aunde programu yake ya kupangia maandishi. Juu ya hiyo Leslie Lamport akajenga LaTeX. Nikadhani basi huko matatizo yameisha. Wapi! Mwalimu akasema kwamba katika LaTeX ukiweka tanbihi ya kawaida ndani ya jedwali, alama inachapwa lakini maelezo yenyewe hayaonekani popote. Ilibidi wengine watunge nyongeza. Moja, iliyoandikwa na Donald Arseneau, huligawa jedwali sehemu tatu, yaani kichwa, mwili, na tanbihi zake chini, na wewe unaandika herufi unayoitaka mara nyingi unavyotaka. Nilifurahi kusikia. Si kwa sababu tuna LaTeX shuleni, hatuna, ila kwa sababu sehemu tatu hizo ndizo nilizokuwa nimeziunganisha kwa mkono.

Kuna mfano mmoja ambao natamani ningeupanga mimi. Tarehe 31 Agosti 2010 waziri wa mipango wa wakati huo, Wycliffe Oparanya, alitangaza matokeo ya sensa ya 2009, Wakenya 38,610,097. Siku hiyo hiyo akasema matokeo ya wilaya 8 yamefutwa kwa kuwa yalitiliwa shaka: Lagdera, Wajir Mashariki, Mandera ya Kati, Mandera Mashariki, Mandera Magharibi, na Turkana ya Kati, Kaskazini na Kusini. Mambo yalivyoendelea baadaye ni marefu. Mimi nafikiria karani aliyekuwa na jedwali la wilaya zote za Kenya mbele yake. Wilaya hizo nane hazifuatani. Zimetawanyika katika kurasa tofauti, na kila moja inahitaji alama ile ile. Akisahau moja tu, watu wa wilaya hiyo wanaonekana wasio na shaka huku jirani zao wakionekana wameshukiwa, au kinyume chake. Alama nane, maelezo mamoja, kurasa kadhaa.

Hapo ndipo penye swali gumu kuliko yote, na hata jedwali letu la mvua katika makala ya Jiografia lilikuwa nalo. Jedwali likivuka ukurasa, tanbihi iandikwe wapi? Ikiwa mwishoni tu, msomaji wa ukurasa wa kwanza anaona a na hana pa kwenda. Mimi niliirudia chini ya kila ukurasa, lakini zile tu zinazohitajika hapo. Ukurasa wa kwanza una a na b, wa pili una a peke yake. Ni marudio, ndiyo, na nimetoka kuyalaani marudio. Lakini kumrudia msomaji aliyefungua ukurasa mpya si sawa na kumrudia yule yule mahali pale pale mara sita.

Kabla jarida halijakwenda kiwandani nilifanya jambo ambalo katibu alisema ni ushamba. Nilikaa na nakala ya mwisho, na mwenzangu mmoja akakaa na rasimu ya mkono ya mwandishi. Mimi nasoma, yeye anajibu. "707,214." "a." "Kistari." "a." Tukaenda hivyo, mstari kwa mstari, jedwali kwa jedwali, mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikalia, na wenzetu wakatupita dirishani wakiuliza kama tunajifunza alfabeti. Jedwali la sensa lilitoka na a sita na b mbili. Wewe nawe, ukifika ukurasa wa makala yenyewe, zihesabu. Zikipungua, njoo uniambie darasani mwetu, kidato cha tatu.